STAA ANA WENGI, NAMBA NNE ANA NANI?

Msomaji wangu, ukitaka kumjua kiongozi wa timu usihangaike kumwangalia anavyoishi na staa. Staa kila mtu anamchekea. Mwenye duka anamkopesha, kondakta anamwachia siti ya mbele, mashabiki wanagombea kumnunulia soda. Kiongozi na yeye akimchekea, hapo hajafanya kazi yoyote. Mwangalie anavyoishi na yule wa mwisho kwenye orodha, yule ambaye hata mwandika matokeo analikosea jina lake. Hapo ndipo utakapojua kama mna nahodha, au mna shabiki tu aliyekabidhiwa daftari la timu.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe ni namba nne. Nachezea timu ndogo ya tenisi hapa Mbeya, na nikisema tenisi mtaani lazima niulizwe, "Ipi, ile ya mezani?" Hapana bwana, ile ya uwanjani, ya raketi kubwa na wavu. Tuko wachache, tunajuana kwa majina na kwa madeni. Kila tunapokwenda kucheza na wenzetu wa Iringa, au wao wanapopanda kuja kwetu, orodha inapangwa kwa uwezo: namba moja anakutana na namba moja, namba mbili na namba mbili, mpaka kwangu mkiani. Mechi nne za mmoja mmoja, kisha moja ya wawili wawili. Jumla pointi tano. Timu yenye tatu inaondoka na ushindi.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo, hesabu ya sokoni tu. Namba moja akishinda kwa mbwembwe, watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, timu inapata pointi moja. Namba nne akishinda huku watazamaji wamebaki watatu na mmoja wao anasinzia, timu inapata pointi ngapi? Moja vile vile! Daftari halina wino wa dhahabu wa kuandikia pointi za staa. Hili ni jambo dogo sana kulielewa, lakini nimewaona watu wazima, wenye vyeo na vitambi, likiwapita kushoto.

Nahodha wetu wa kwanza alikuwa mmoja wao. Simtaji jina, na hata wewe unayemjua nyamaza. Kwenye tenisi ya timu nahodha mara nyingi hachezi. Anapanga orodha, anasimamia mazoezi, anakaa benchi. Yule mzee alikuwa na mapenzi na staa wetu utadhani kamzaa. Mpira wa tenisi ukishapigwa sana unapoteza upepo, unadunda kama embe bovu. Mipira mipya, ile inayofunguliwa kopo ikatoa sauti ya "pshh", ilikuwa ya staa. Sisi wa chini tulirithi marapurapu. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira mpya unaruka kama una haraka zake. Sasa wewe fanya mazoezi mwezi mzima na mpira uliochoka, halafu siku ya mechi upewe mpira mpya. Kila ukipiga unatoka nje! Watu wanasema, "Huyu namba nne hovyo kabisa." Nani anajua kwamba hajaugusa mpira mpya tangu Krismasi?

Muda wa mazoezi ndiyo usiseme. Saa kumi jioni, jua limepoa, uwanja ni wa staa. Sisi tunapewa saa saba mchana, jua la utosi. Safari ya Iringa ni zaidi ya kilomita 300: Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka Ipogolo ndipo mpande kilima kuingia mjini. Staa anakaa mbele na dereva anachagua kanda. Sisi tuko siti ya nyuma kabisa, tumekumbatia mabegi ya timu, kila tuta la barabarani tunalipokea kwa mgongo. Gesti vyumba viwili: kimoja cha staa peke yake, kingine cha sisi wengine wote na nahodha anayekoroma.

Lakini hayo yote mtu unaweza kuyameza. Kilichokuwa kikinichoma ni benchi. Wachezaji wa tenisi kila wanapobadilishana upande wanakaa kwenye viti sekunde kama tisini. Katika mashindano ya timu, nahodha anaruhusiwa kukaa pembeni ya mchezaji wake na kuzungumza naye. Ni sekunde chache, lakini mtu uliyepigwa michezo mitatu mfululizo, ukakaa ukasikia sauti ya mwenzako, unapata roho nyingine. Mechi ya staa, mzee hakosi hata sekunde moja, anampepea na taulo. Mechi yangu, nageuka, benchi tupu. Nahodha yuko upande wa pili na wenyeji, anakula mishikaki.

Usije ukadhani staa alikuwa anafaidi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Yule kijana goti lilikuwa linamuuma, na mzee alikuwa anampanga mechi ya peke yake na ile ya wawili siku hiyo hiyo, safari baada ya safari, kwa sababu "wewe ndiye tegemeo letu." Usiku mmoja tunarudi, basi limesimama Makambako watu wanakula, akanivuta pembeni. Akaniambia, "Kaka, hivi mimi goti likifa, huyu mzee atanikumbuka kweli?" Nikakosa jibu. Nikaona mambo mawili kwa mpigo: mimi kwa nahodha wangu nilikuwa mzigo, na mwenzangu alikuwa punda. Mzigo unasahaulika, punda anabebeshwa, lakini wote wawili hakuna anayewauliza hali. Anayempendelea staa kupita kiasi hampendi staa. Anapenda pointi zake. Zikiisha, na yeye atahamia siti ya nyuma pamoja nasi.

Mwisho wa enzi ya mzee yule uliletwa na namba tatu wetu. Alifika stendi alfajiri, baridi la Mbeya linauma, begi mgongoni, akakuta nafasi yake imepewa mtu mwingine. Hakuambiwa jana yake, hakuambiwa juzi. Alisoma kwenye karatasi mkononi mwa dereva. Hakugomba. Alisema tu, "Sawa wazee, safari njema," akageuka. Miezi minane hatukumwona uwanjani. Hakukasirikia kuachwa, maana kila mchezaji anajua iko siku ataachwa. Alikasirikia kuwa mtu wa mwisho kujua habari zake mwenyewe.

Na hili lisikufanye udhani ni mambo ya timu ndogo za mikoani. Wapenda soka mtakumbuka Januari 2016. Mbwana Samatta alikuwa ametoka kutwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, pale Abuja, baada ya kuipa TP Mazembe ubingwa wa Afrika wa 2015. Nchi nzima ilikuwa inaimba jina lake. Kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, akampa kitambaa cha unahodha. Kitambaa hicho kilikuwa cha Nadir Haroub, "Cannavaro", beki wa Yanga aliyekuwa amekivaa kwa muda mrefu. Haukupita muda, Cannavaro akatangaza kuachana na timu ya taifa, na alionyesha wazi kwamba hakufurahishwa na utaratibu uliotumika.

Mimi sina ugomvi na uteuzi wenyewe. Samatta alistahili, na historia imemtetea: chini ya unahodha wake Stars ilikwenda Misri kwenye AFCON ya 2019, mara ya kwanza tangu 1980. Ninachokiangalia ni ule upande wa pili, wa anayevuliwa. Staa mpya akipanda, kuna mtu anashuka ngazi hiyo hiyo. Kiongozi anayeijua kazi yake humwendea kwanza yule anayeshuka, mapema, ana kwa ana, kabla redio hazijamwahi.

Sasa turudi kwenye tenisi, twende kwa wakubwa. Kuna mashindano ya timu za taifa za wanaume, Davis Cup, yalianza mwaka 1900. Mle ndani nahodha ni mtu mzito kwelikweli, ndiye anayeamua nani acheze na ndiye anayekaa kwenye kile kiti. Mwaka 1991 Ufaransa ilicheza fainali na Marekani mjini Lyon. Wafaransa walikuwa hawajalitwaa kombe tangu 1932. Nahodha wao alikuwa Yannick Noah, baba yake Mkameruni, yeye mwenyewe bingwa wa Ufaransa wa 1983. Wamarekani walikuja na Andre Agassi na Pete Sampras. Kwa mtu wa pili Noah akamchagua nani? Henri Leconte! Jamaa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo na kwenye orodha ya dunia ameporomoka nje ya 150 bora. Ingekuwa kijiweni kwetu tungesema mzee kapewa kitu kidogo.

Siku ya kwanza Agassi akamfunga Guy Forget. Akaingia Leconte na Sampras. Leconte akamfunga Sampras seti tatu kwa bila! Kesho yake Leconte na Forget wakashinda ya wawili wawili, na siku ya tatu Forget akamaliza kazi kwa kumfunga Sampras. Ufaransa bingwa, 3–1. Namba za dunia zilisema Leconte kaisha. Noah alimwangalia mtu, akaiacha karatasi.

Upande wa pili wa shilingi kamwulize marehemu Arthur Ashe, yule yule aliyemwona Noah akiwa mtoto pale Yaounde mwaka 1971 na kumfungulia njia. Ashe alikuwa nahodha wa Marekani kuanzia 1981 hadi 1985, akachukua kombe 1981 na 1982. Lakini kuongoza mastaa si lelemama. Fainali ya 1984 mjini Gothenburg alikwenda na John McEnroe na Jimmy Connors, majogoo wawili wasioelewana ndani ya banda moja. Connors akafungwa na Mats Wilander, McEnroe akafungwa na Henrik Sundström, jina ambalo vijiweni kwetu halijawahi kuvuma. Kisha McEnroe na Peter Fleming, waliokuwa hawajawahi kupoteza mechi ya wawili wawili ya Davis Cup wakiwa pamoja, wakafungwa na Anders Järryd na Stefan Edberg, ambaye alikuwa na miaka 18 tu. Sweden ikaondoka na 4–1. Ukiwa na mastaa wawili hujapata timu bado. Umepata mastaa wawili.

Huku kwetu nako, mzee wa mishikaki alipoondoka tukapewa nahodha mpya, mama mmoja mwalimu mstaafu. Minong'ono ikaanza. Mwanamke awaongoze wanaume? Kasheshe! Mama alikuja siku ya kwanza, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akafungua daftari na kutoa sheria tatu. Mipira mipya itazunguka kwa zamu. Uwanja wa saa kumi utazunguka kwa zamu. Na anayeachwa ataambiwa na yeye mwenyewe, siku mbili kabla ya safari, kwa mdomo wake.

Akamgeukia staa. Tukadhani anamshushua. Kumbe! Akasema, "Wewe mwanangu safari hii utacheza mechi moja tu, hiyo ya wawili nampa mwingine. Na gesti utalala kitanda cha peke yako mpaka goti lipone." Mmoja wetu akaguna. Mama akamwambia, "Na wewe ukiumwa goti utapata kitanda." Basi, hoja ikaisha. Hapo nikajifunza jambo ambalo vijana wengi tunalichanganya. Kuwatendea watu sawa siyo kumpa kila mtu kitu kile kile. Staa anaweza kuhitaji kitanda na mimi nikahitaji mazoezi zaidi. Watu wanavumilia tofauti ya huduma kama sababu imewekwa mezani. Tofauti ya heshima ndiyo hakuna anayeivumilia, hata akikaa kimya.

Kuna siku staa huyo huyo alichelewa. Saa kumi na mbili kasoro basi linaondoka, mama anatazama saa, staa simu haipokelewi. Tukasema, "Mama tumsubiri, ni staa." Mama akasema, "Dereva, twende." Nikamkumbuka Emmanuel Amunike, Mnigeria yule, Mwanasoka Bora wa Afrika wa 1994. Agosti 2018 akiwa kocha wa Taifa Stars aliwaondoa kikosini wachezaji saba waliochelewa kuripoti kambini, sita wa Simba na mmoja wa Yanga. Hao walikuwa majina, siyo watoto wa mazoezi. Nchi ikawaka moto, mechi ya Uganda inakuja! Septemba hiyo Stars ikaenda Kampala bila wao, ikarudi na sare ya 0–0. Lakini mlango haukufungwa na komeo. Machi 2019, Stars ilipoifunga Uganda 3–0 Dar es Salaam na kukata tiketi ya Misri, bao moja la penalti lilipigwa na Erasto Nyoni, mmoja wa wale waliotimuliwa. Huo ndio uungwana ninaouzungumzia. Sheria inampata staa kama inavyompata mwingine, na ikishampata, yanaisha.

Na staa wetu je? Alipanda basi la mchana kwa nauli yake, akafika Iringa jioni, akaenda moja kwa moja kwa mama kuomba radhi. Kesho yake alikaa benchi na kutubebea maji. Nafikiri ndiyo siku aliyopumzika kuwa punda, maana alicheka kuliko siku zote.

Kesho hiyo hiyo matokeo yalisimama 2–2. Mechi ya mwisho uwanjani ikabaki ya nani? Ya namba nne! Wenyeji walinikaribisha vizuri, kamwene nyingi na tabasamu, kisha wakanitumia kijana mmoja mrefu, mpira wake wa kuanzisha unakuja kama umetupwa kutoka Gangilonga. Seti ya kwanza nikapigwa. Nikageuka benchi, mama yupo. Hakunipepea, hakunihubiria. Akasema, "Huyu mkono wa kushoto hana. Mpeleke huko." Nikampeleka huko, nikachukua seti ya pili. Seti ya tatu tulipigana mpaka vivuli vya miti vikaingia uwanjani. Nilifungwa 7–5.

Ndiyo, nilifungwa, na timu ikafungwa. Nilitegemea kimya cha kwenye basi, kile ninachokijua. Mama akasimama mbele ya wote akasoma daftari: namba mbili alikosea wapi, namba tatu afanye nini, namba nne mpira wa kuanzisha dhaifu, wiki ijayo aje saa kumi na kopo jipya. Sentensi yangu ilikuwa na urefu ule ule wa wengine. Wewe unaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi nilikuwa sijawahi kusomwa kwenye daftari lile tangu nianze kucheza. Na namba tatu mwenyewe, yule wa stendi, ndiye aliyekuwa amekaa pembeni yangu. Mama alikuwa amemfuata nyumbani kwao, akanywa chai, akamrudisha.

Sasa wewe kijana wa mjini, unayesema tenisi haikuhusu, subiri kidogo. Ofisini kwenu kuna yule anayeleta wateja wakubwa, na kuna yule anayepanga mafaili. Kwenye bendi kuna mwimbaji anayepigiwa kelele, na kuna mpiga besi ambaye hata mashabiki hawajui kama yupo. Kwenye kundi la marafiki yuko mwenye gari, na yuko anayekuja kwa miguu. Siku yoyote unaweza kukabidhiwa daftari, hata kama ni la kamati ya harusi. Utajikuta miguu inakupeleka yenyewe kwa staa, maana huko kuna taa na kuna soda.

Nenda, msalimie, mwulize goti lake. Kisha vuka upande wa pili, kuna kiti kitupu pembeni ya mtu fulani. Una sekunde tisini. Kaa.

Tukutane wiki ijayo!